Kliniki za binafsi Kisangani: zina kazi gani katika mpango wa afya kwa wote?

Afya kwa wote, ile inaitwa kwa Kifaransa Couverture Santé Universelle ao CSU, inasikika sana kwenye redio tangu serikali ya Congo ilipoanza kulipia uzazi wa wamama mwaka 2023. Lakini hapa Kisangani wagonjwa wengi hawaanzii hospitali ya serikali. Wanaanzia farmasi ya pembeni ya njia, dispansari ya muuguzi wa kartie, kituo cha afya cha parokia, ao kliniki ya munganga anayefanya kazi ya serikali asubuhi na kazi yake mwenyewe mangaribi.

Kama milango hiyo inabaki nje ya mpango, matunzo ya bure yatakuwa ya redioni tu. Kama inaingizwa vibaya, itafungwa, ao itaanza kuomba makuta pembeni. Dosye hii inaeleza watoaji wa binafsi ni nani, wako wapi ndani ya zone ya afya, sheria inasema nini, nchi jirani zimepata somo gani, na familia inaweza kuuliza nini mbele ya kulaza mgonjwa.

AFYA KWA WOTE MAANA YAKE NINI

Shirika la Afya Duniani (OMS) linaieleza hivi: kila mtu apate matunzo anayohitaji, matunzo mazuri, bila kuanguka katika umaskini juu ya kuyalipa. Basi kuna maswali matatu ya kuuliza kila mara. Nani anafikiwa? Anapata matunzo gani? Na analipa kiasi gani kutoka mfuko wake mwenyewe?

Mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubali kufika huko mwaka 2030. Njia bado ni ndefu. Ripoti ya OMS na Banki ya Dunia ya mwaka 2023 ilisema kwamba watu bilioni 4,5 hawakuwa wanapata kikamilifu matunzo ya lazima mwaka 2021. Watu karibu bilioni 2 walikuwa na shida ya makuta sababu ya kulipia ugonjwa mwaka 2019.

Kwa Congo, Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Lakini kati ya franka 10 zinazotumika kwa afya katika nchi, karibu 4 zinatoka moja kwa moja mfukoni mwa familia. Sehemu nyingine kubwa inatoka kwa wafadhili wa nje. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka kwa afya 15 kwa mia ya bajeti ya serikali zao. Congo haijafika hapo.

Jambo moja husahauliwa: CSU haisemi jengo ni la nani. Inasema mtu atunzwe vizuri na asifilisike. Jengo linaweza kuwa la serikali, la kanisa ao la munganga mwenyewe. Kinachohesabiwa ni mambo matatu: ubora, bei, na nani analipa.

“BINAFSI” NI NANI?

Watu wakisema “kliniki ya privé,” wanachanganya vitu ambavyo havifanani. Katika Kisangani, sawa na miji mingine ya Congo, kuko angalau vikundi vitano.

Cha kwanza ni vituo vya makanisa na dini. Upande wa Wakatoliki, kazi inaongozwa na ofisi ya dayosezi inayoitwa BDOM. Upande wa Waprotestanti, inaongozwa na idara ya afya ya Kanisa la Kristo katika Congo (ECC). Vituo hivi si vya serikali, lakini vingi viko na mkataba nayo. Vinafuata mpango wa zone ya afya, na vingine vimepewa kazi ya kuwa hospitali kuu ya zone. Katika nchi nzima, sehemu ya makanisa katika matunzo mara nyingi huhesabiwa karibu nusu.

Cha pili ni kliniki na vituo vya biashara. Mwenyewe ni munganga, kikundi cha wanganga, ao mfanyabiashara aliyeajiri wanganga. Hapa kuko polikliniki yenye labo, ekografi na chumba cha upasuaji, na kuko nyumba ya vyumba viwili yenye vitanda vitatu. Zote zinaitwa “centre médical” kwenye kibao.

Cha tatu ni dispansari ndogo na posti za afya, mara nyingi za muuguzi mmoja. Hizi ndizo nyingi, na ndizo ngumu kuhesabu.

Cha nne ni farmasi. Kwa familia nyingi, farmasi ndiyo munganga wa kwanza: mtu anaeleza homa, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Hakuna kipimo, hakuna karatasi.

Cha tano ni huduma za kampuni na za vyama. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kulipia matunzo ya mfanyakazi pamoja na familia yake. Kampuni zisizo na hospitali yao hufanya mkataba na kliniki, na mfanyakazi anaenda na karatasi ya mwajiri. Mkataba huo unaipa kliniki nguvu: makuta yanakuja kila mwezi, hata kama wagonjwa wa kulipa taslimu wamepungua.

Kuko pia waganga wa kienyeji, na vile vituo ambavyo watu huita “tradi-modern,” vinavyochanganya miti-shamba na sindano. Havimo katika mpango wa afya kwa wote, lakini wagonjwa wamo ndani yao.

YAKUSU: BINAFSI SI JAMBO JIPYA

Wengine hufikiri kwamba matunzo ya binafsi yaliletwa na kuanguka kwa serikali katika miaka ya 1990. Katika Tshopo historia ni ya zamani zaidi.

Mwendo mfupi kutoka mji, kwa kushuka na mto, kuko Yakusu. Wamisionari Wabatisti wa Uingereza walianzisha misheni pale mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1920 alifika munganga Clement Chesterman. Ugonjwa wa malale ulikuwa unaua vijiji. Chesterman alitumia dawa mpya ya wakati ule, tryparsamide, na alielewa haraka kwamba hospitali moja haitatosha. Alifundisha vijana Wakongomani kuwa wauguzi, na kuwatuma katika dispansari za vijijini. Nyuma yake, mwaka 1936, alikuja Stanley Browne, aliyejulikana juu ya kazi yake kwa wagonjwa wa ukoma. Alibaki hadi mwaka 1959.

Yakusu haikuwa ya serikali. Lakini shule yake ya wauguzi ilikubaliwa na serikali ya kikoloni, na kazi yake juu ya malale iliingia katika kampeni ya nchi. Serikali haikuwa na watu wa kutosha, misheni ilikuwa nao, na kila upande ulihitaji mwenzake. Mvutano wa leo ulikuwako tayari: nani anatoa amri, nani analipa, nani anahesabu wagonjwa.

ZONE YA AFYA INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Congo iko na zone za afya 519. Jimbo la Tshopo, lililozaliwa mwaka 2015 wakati Province Orientale ilipogawanywa, iko na 23. Tano ni za mji wa Kisangani: Makiso-Kisangani, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Lubunga.

Kila zone inaongozwa na munganga mkuu wa zone na ofisi yake. Inagawanywa katika maeneo ya afya. Kila eneo linapaswa kuwa na kituo kimoja cha afya kinachotoa matunzo ya msingi: chanjo, kupima mimba, kuzalisha, malaria, kuhara, watoto wenye utapiamlo. Kesi ngumu zinapelekwa hospitali kuu ya zone, kwa upasuaji, damu na wagonjwa wa kulaza. Juu ya hizo, katika Kisangani, kuko Kliniki za Chuo Kikuu, ambako wanganga vijana wa UNIKIS wanafundishwa.

Huu mpango ulichorwa hasa kwa ajili ya kijiji: eneo moja, kituo kimoja. Mji haukubali mchoro huo. Katika kartie moja ya Mangobo ao Kabondo, mtu anaweza kupita mbele ya vibao vitatu vya matunzo mbele ya kufika kituo cha serikali. Ofisi ya zone inajua vile vilivyojiandikisha. Vingine inavijua kwa kusikia tu.

Tofauti kubwa ni neno “kuingizwa.” Kituo kilichoingizwa katika zone kinapata chanjo za programu ya taifa, dawa za malaria na kifua kikuu za programu, mafunzo, na kila mwezi kinatuma hesabu ya wagonjwa. Kituo kisichoingizwa kinanunua dawa sokoni, kinaweka bei yake, na mgonjwa wake haonekani katika hesabu ya jimbo. Wagonjwa wawili wa malaria wa njia moja wanaweza kupata dawa ileile: mmoja bila kulipa, mwingine kwa kulipa, kadiri ya mlango waliouchagua.

Hata dawa zenyewe zinapita kwa mikono isiyo ya serikali. Depo kubwa ya dawa za lazima ya Kisangani, CAMEKIS, iko katika mtandao wa FEDECAME, mtandao wa depo zinazofanya kazi kama vyama visivyo vya faida. Kusema kwamba afya ya umma na ya binafsi ni dunia mbili, hapa Congo, si kweli.

JUU YA NINI WATU WANAENDA KWA BINAFSI

Sababu ya kwanza ni umbali. Lubunga iko upande wa kushoto wa mto Congo, na hakuna daraja linaloiunganisha na mji. Kuvuka ni kwa mtumbwi, kwa boti ao kwa kivuko. Mchana ni kazi ya dakika chache. Usiku, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, ni jambo lingine. Mlango ulio wazi upande ule ndio mlango mzuri. Hata kwenye upande wa kulia wa mto, toleka ao moto ya usiku inaongeza bei juu ya bei.

Ya pili ni saa na mapokezi. Dispansari ya kartie inafungua mlango saa nne za usiku, na muuguzi anaijua familia. Anakubali nusu leo, nusu mwisho wa mwezi. Hospitali kubwa mara nyingi inaomba malipo ya kwanza mbele ya mgonjwa kuguswa.

Ya tatu ni mgomo. Wanganga na wauguzi wa serikali wanapoacha kazi juu ya mishahara, mgonjwa hangoji mazungumzo yaishe.

Ya nne ni dawa. Mgonjwa anayepewa karatasi ya kwenda kununua dawa nje anajiuliza kwa nini hakwenda farmasi moja kwa moja.

Sababu hizi zote zina maana. Mpango wowote unaowaambia watu “muache vituo vya binafsi” bila kujibu maneno haya manne utabaki maneno ya redioni.

SHERIA NA MIFUKO

Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2018, Congo ilipata sheria ya msingi juu ya mpangilio wa afya ya umma. Tarehe 3 mwezi wa tatu 2023, sheria hiyo iliongezewa, kwa amri yenye nguvu ya sheria, vifungu juu ya CSU. Mbele ya hapo, sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 iliweka kanuni za mutuele, vyama ambamo watu wanachanga kila mwezi ili mgonjwa wa leo alipiwe na wazima wa leo.

Vyombo vipya pia vilianzishwa. Mfuko wa Mshikamano wa Afya, unaojulikana kwa herufi FSS, uko na kazi ya kununua matunzo: unafanya mkataba na hospitali ao kituo, unapokea faktire, unalipa. Mfuko wa Kuendeleza Afya (FPS) uko upande wa majengo na vyombo. Chombo cha tatu, ARC-CSU, kinapaswa kusimamia na kukagua.

Neno la kushika hapa ni “kununua.” Zamani serikali ilifikiri afya kwa njia ya kujenga na kuajiri. Mfuko unaonunua unaweza kununua kwa serikali, kwa kanisa ao kwa binafsi, mradi kituo kinatimiza masharti. Katika mikoa mingine ya Congo, mradi wa PDSS wa Banki ya Dunia ulifanya vile mbele: malipo kwa kuhesabu kazi iliyofanywa kweli, na ukaguzi nyuma.

Tarehe 5 mwezi wa tisa 2023, Rais Félix Tshisekedi alizindua Kinshasa uzazi wa bure. Mpango unahusu kupima mimba, kuzaa kwa kawaida ao kwa upasuaji, uangalizi wa mama nyuma ya kuzaa, na matunzo ya mtoto mchanga hadi siku 28. Ulianzia Kinshasa, kisha ukapanuliwa jimbo kwa jimbo. Vituo vilivyochaguliwa si vya serikali tu: vya makanisa pia vimo. Lakini ni vile vilivyochaguliwa. Mama akijifungulia katika dispansari isiyo na mkataba, analipa kama zamani.

Na zamani ile haijafa. Katika hospitali nyingi za Congo, mama aliyeshindwa kulipa amekuwa akizuiliwa na mtoto wake hadi familia ilete makuta. Watafiti waliandika jambo hilo Lubumbashi, na kila mtu wa Kisangani anajua maana ya kusema fulani “amebaki hospitali juu ya deni.” Mambo haya hutokea kwa serikali na kwa binafsi pia.

HATARI YA KUACHA MILANGO NJE

Somo kali zaidi lilitoka Beni. Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na ulimalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 walikufa. Katika mji wa Beni, watoto wengi waliambukizwa ndani ya vituo vidogo, vile vya tradi-modern na vya binafsi, ambako walipelekwa juu ya homa ya kawaida. Vitanda vilitumiwa na watu wengi, vyombo havikusafishwa vizuri, na wagonjwa walichanganywa. Vituo hivyo havikuwa na vifaa wala mafunzo kama vile vilivyoingizwa, na mwanzoni vilisahauliwa. Virusi havikuvisahau.

Kisangani yenyewe iko na kumbukumbu yake. Mwaka 2011 kipindupindu kilianzia katika mji huu, kisha kikashuka na mto pamoja na boti na wasafiri hadi Kinshasa. Katika ugonjwa wa namna hiyo, siku tatu za kwanza ni kila kitu. Kama mgonjwa wa kwanza amelala katika nyumba ya vitanda vitatu ambayo haitumi ripoti, siku hizo tatu zinapotea, na watu wa chini ya mto wanapata habari kwa kuugua.

Kuko pia hatari za kila siku, zisizotangazwa: dawa za kuua vijidudu zinazouzwa vidonge viwili viwili bila kipimo, mtu asiye na diploma anayevaa blouse nyeupe, upasuaji uliofanywa juu ya kutafuta faktire kubwa. Vyombo vya kuzuia hayo vipo: ukaguzi wa afya wa jimbo, chama rasmi cha wanganga, kile cha wauguzi kilichoundwa na sheria ya mwaka 2016, na ACOREP kwa upande wa dawa. Lakini mkaguzi asiye na mafuta ya moto hafiki kartie ya mbali, na mkaguzi asiyelipwa vizuri anaweza kulipwa na yule anayekaguliwa.

Kufunga tu si jibu. Dispansari mbaya ikifungwa bila kituo kingine karibu, muuguzi anahamia njia ya pili, na wagonjwa wanamfuata.

NCHI JIRANI ZIMEPITIA WAPI

Tanzania ilijaribu njia ya kukataza. Mwaka 1977 sheria ilizuia matibabu ya binafsi ya kutafuta faida. Hospitali za dini ziliendelea, na baadhi zilifanywa “hospitali teule,” yaani hospitali ya wilaya ambayo mwenyewe ni kanisa. Mwaka 1991 nchi ilifungua tena mlango kwa kliniki za biashara. Mwaka 2023 bunge lake lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Rwanda ilichukua njia ya mutuele. Watu wengi sana wa nchi ile wamo ndani, na tangu mwaka 2015 inasimamiwa na mfuko mmoja wa taifa, RSSB. Vituo vya makanisa vyenye mkataba vinapokea wanachama kwa masharti ya mutuele. Nguvu ya Rwanda haikuwa majengo mapya tu. Ilikuwa ni kuwa na mlipaji mmoja anayejulikana na bei inayojulikana.

Kenya inatoa onyo. Tarehe 1 mwezi wa kumi 2024 iliacha bima ya zamani, NHIF, na kuanza mfumo mpya wa SHA. Mwanzo wa mwaka 2025, chama cha hospitali za binafsi za miji na vijiji, RUPHA, kiliwaambia wanachama wake wasimamishe kupokea wagonjwa wa SHA, sababu ya madeni ambayo hayajalipwa. Mwanachama alikuwa na haki kwenye simu yake, lakini kwenye dirisha la hospitali aliambiwa alete taslimu.

Onyo hilo linagusa Kisangani zaidi ya Nairobi. Kliniki kubwa inaweza kungoja faktire miezi sita. Dispansari ya muuguzi mmoja haiwezi kungoja hata miezi miwili: dawa zinaisha, na yeye anarudia kuomba makuta kwa mgonjwa.

MKATABA MZURI UNAONEKANA NAMNA GANI

Mkataba kati ya mfuko wa serikali na kituo cha binafsi uko na pande mbili. Upande wa kituo, mambo ya chini ni haya: ruhusa ya kufungua, wafanyakazi wenye diploma, maji na usafi wa vyombo, ripoti ya kila mwezi kwa zone, kupeleka haraka kesi inayozidi uwezo, na bei iliyobandikwa ukutani.

Upande wa mfuko ni kulipa kwa siku iliyosemwa, kutoa dawa na chanjo za programu bila ubaguzi, kufundisha wafanyakazi, na kuweka bei inayofunika gharama za kweli. Bei ya uzazi iliyopangwa chini sana inamlazimisha mtoaji kufanya moja kati ya mambo matatu: kukataa wamama wa mpango, kupunguza ubora, ao kuomba nyongeza kwa siri. Bei ya juu sana inakausha mfuko.

Njia moja ambayo imejaribiwa Congo ni bei ya jumla: kesi moja, bei moja, dawa na vipimo ndani. Familia inajua mbele italipa nini, na munganga hana faida ya kuongeza sindano. Kasoro yake ni kwamba, bila msaada wa mfuko, kesi nzito zinakula makuta ya kesi nyepesi.

Kwa dispansari ndogo, mkataba mmoja mmoja ni mzigo. Inawezekana kuziunganisha chini ya kituo kimoja cha eneo: dispansari inapima, inaanza matunzo, inatuma mgonjwa na karatasi, na kituo kinaandika faktire. Farmasi nayo inaweza kupewa kazi ndogo lakini ya maana: kutouza dawa ya malaria bila kipimo, na kumjulisha muuguzi mkuu wa eneo wakati watu wengi wanakuja na kuhara ndani ya siku moja.

FAMILIA INAWEZA KUULIZA NINI

Mbele ya kulaza mgonjwa, ao vizuri zaidi wakati mimba ingali changa, maswali haya yanasaidia:

1. Kituo hiki kimeandikwa katika zone gani ya afya? Muuguzi mkuu wa eneo la afya anaweza kuthibitisha.

2. Kiko na mkataba na mpango wa uzazi wa bure, na mutuele ao na mwajiri? Mkataba unahusu matunzo gani, na ni nini kinabaki kwa familia?

3. Bei zimebandikwa wapi? Je, ni bei ya jumla, ao dawa na vipimo vinahesabiwa kando?

4. Dawa za malaria, kifua kikuu na chanjo za watoto zinatolewa kwa programu ya taifa? Kama ndiyo, hazipaswi kuuzwa.

5. Kama hali inakuwa mbaya usiku, mgonjwa anapelekwa hospitali gani, kwa chombo gani, na nani analipa usafiri? Kwa Lubunga, swali hili ndilo la kwanza.

6. Karatasi ya malipo itatolewa? Bila karatasi hakuna mutuele wala mwajiri atakayerudisha makuta, na hakuna ushahidi wa kulalamika.

Malalamiko juu ya bei ao matunzo yanaanzia kwa muuguzi mkuu wa eneo na kamati ya afya ya eneo, ambamo wakaaji wenyewe wanakaa. Yakishindikana, yanapanda kwa ofisi ya zone, kisha kwa ukaguzi wa afya wa jimbo. Kamati ya afya ya eneo ndiyo inajua, kuliko ofisi yoyote ya Kinshasa, dispansari gani ya njia ya nyuma inaokoa watu na ipi inawaumiza. Zone ikipanga orodha ya vituo vya kuingizwa katika mpango, orodha hiyo ianzie pale.